Prosesa Aliyoichagua Odongo

Sisi tuliokulia Macalder, kwenye machimbo ya dhahabu ya Nyatike, kabla simu hazijaanza kuguswaguswa kwa kidole tunajuana hata kabla ya kusalimiana. Tunajuana kwa magoti. Magoti yetu yana makovu ya changarawe, kwa sababu uwanja wetu haukuwa na nyasi, na mpira ulikuwa wa nailoni zilizokunjwa zikafungwa kwa kamba ya katani. Tulirudi nyumbani tukiwa na vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Mama alituogesha katika karai lile lile lililotumika kuoshea mchanga wa dhahabu mchana, na kabla ya kuyamwaga maji aliyaangalia kwanza, akisema huenda mmoja wetu amerudi na utajiri kichwani. Jikoni nyoyo ilikuwa inachemka, mahindi na maharagwe, na ole wake aliyechagua maharagwe akawaachia wenzake mahindi. Watoto wa leo wakipakuliwa nyoyo huipiga picha kwanza, halafu wanauliza kama kuna chipsi.

Mimi naitwa Apiyo na pacha wangu ni Odongo. Kwetu Wajaluo majina hayo yanamaliza maelezo: mimi nilitangulia, yeye akafuata. Nilimkumbusha jambo hilo karibu kila siku. Yeye hakunijibu kwa maneno, alinijibu kwa mbio. Alikuwa winga wa timu ya shule, mwembamba kama ufito, na alipochukua mpira pembeni hata walimu waliacha kusahihisha vitabu wakasimama dirishani.

Mwaka tulipotimiza miaka kumi na mitatu, mguu wake wa kulia ulianza kuuma. Tulidhani ni teke. Baada ya wiki mguu ulikuwa umevimba hadi gotini na mwili unachemka, baba akampeleka hospitali Homa Bay. Daktari alisema usaha umeingia kwenye mfupa. Alipasuliwa mara mbili, akalazwa miezi mitatu, na aliporudi nyumbani alikuwa na magongo mawili na amri ya kutokimbia mwaka mzima. Lakini kilichotutisha zaidi ni kwamba alikuwa ameacha kuongea. Aliketi barazani mguu ukiwa juu ya kigoda, na wenzake walipopita na mpira aligeuza kiti akatazama ukuta.

Kitu kimoja tu kilimfanya afungue mdomo, nacho ni gemu. Wodini alikuwa amelala karibu na kijana mmoja wa mjini aliyeitwa Felix, na Felix alimsimulia habari za kompyuta yake ya kuchezea mpira, jinsi wachezaji wanavyokimbia kwenye skrini mpaka unaona jasho. Odongo alituambia habari hizo siku moja tukila, akaongea kwa muda mrefu kuliko alivyokuwa ameongea tangu arudi. Mama aliacha kula akamtazama. Baba naye alimaliza chakula chake, akanawa, akasema, "Nitafanya mpango."

Baba alikuwa fundi wa mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Alizitambua injini kwa sauti. Angeweza kusimama sokoni akasema mashine ya fulani inakunywa dizeli vibaya, na ikawa kweli. Mpango wake ulichukua muda, maana mashine za watu hazitengenezeki kwa siku moja, lakini mwishowe Jumapili moja tulipanda gari sisi watatu kwenda Migori mjini, kwa fundi wa kompyuta aliyeitwa Robi.

Anti Robi alikuwa Mkuria, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi nyuma ya shingo. Duka lake lilijaa kompyuta zilizofunguliwa matumbo. Alikuwa ameshatuandalia moja ya mitumba, skrini yake nzito kama mtungi, imebaki kuwekewa prosesa tu. Alituwekea mbili juu ya meza, kila moja ndogo kama biskuti.

"Baba Mapacha, zote mbili zinaingia kwenye hii bodi," alisema. "Huyu hapa ni wa bei nafuu. Huyu mwingine ni mkali, lakini bei yake ni karibu mara mbili. Mkichukua wa bei nafuu, pesa itakayobaki inatosha kununua kadi ya picha. Mkichukua mkali, kadi hamtapata leo."

Baba akauliza tofauti ni nini. Anti Robi alinigeukia mimi, labda kwa sababu nilikuwa nimeinama pale mezani pua ikikaribia kugusa. "Sikiliza, nyathina, mwanangu. Prosesa inafikiri. Kadi inachora. Hesabu na barua zinataka kufikiri. Gemu ya mpira inataka kufikiri kidogo na kuchorewa sana. Ukiwa na mwenye akili asiyejua kuchora, utaona nini kwenye skrini?"

Nilielewa papo hapo. Nikasema tuchukue ya bei nafuu na kadi. Niliona hata haya kwamba jambo lilikuwa rahisi hivyo.

Odongo alikuwa ameegemea magongo yake mlangoni. "Felix alisema prosesa ya bei rahisi ni ya kuchapisha barua za kanisa," alisema. "Alisema ukinunua hiyo, watu watakucheka. Mimi nataka ile kali."

"Lakini Anti amesema…"

"Mimi nataka ile kali."

Anti Robi alimtazama baba. Baba alikuna kidevu, halafu akasema kwa Kiswahili ili fundi naye asikie, "Tangu mwezi wa pili watu wanamkatia huyu shauri. Alale, aamke, apasuliwe, ameze dawa. Hili acha akate mwenyewe."

Odongo akachagua ile kali. Mimi nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi nikilia kwa hasira, ile hasira ya mtoto aliyekuwa na jibu sahihi mwalimu akamchagua mwingine. Baba alibaki ndani akiongea na Anti Robi kwa sauti ya chini, nikadhani anaomba kupunguziwa.

Nyumbani tuliiweka kompyuta sebuleni, na mama akaitandikia kitambaa chake cha kufuma kilicho kizuri zaidi. Alikuwa Msabato asiyetaka mchezo, kwa hiyo sheria ilisomwa siku hiyo hiyo: Ijumaa jua likizama, mashine inazimwa na kufunikwa mpaka Jumamosi jua lizame tena. "Hata hiyo inahitaji kupumzika," alisema. Watoto wetu leo ukiwanyima mtandao dakika kumi wanatafuta wakili.

Ilikuwa kama Anti Robi alivyosema. Kompyuta iliwaka haraka, ikafungua kila kitu kwa sekunde, lakini gemu ilipoanza wachezaji walitembea kama watu wanaovuka tope. Mpira ulikuwa hapa, kisha ukaonekana kule, katikati hukuuona. Kipa alidaka baada ya bao kuingia. Timu nzima ya darasa letu ilikuwa imekuja kutazama, wamepangana kwenye mkeka, na kwa heshima ya mgonjwa hakuna aliyecheka. Walitazama, wakasema ni nzuri, wakakumbuka wametumwa nyumbani. Kesho yake walikuja wawili. Siku ya tatu hakuja mtu.

Odongo aliendelea kucheza peke yake, akisema hivyo ndivyo gemu ilivyo. Niliketi karibu naye, na Mungu anisamehe, nilifurahi. Nikamwambia, "Ungenisikiliza."

Hakunigeukia. Alisema taratibu tu, "Wewe una miguu miwili, Apiyo. Hii niachie."

Nimeshaambiwa maneno mengi maishani, mengine na watu walionuia kuniumiza. Hakuna lililonikaa kama hilo. Jioni mama aliponiuliza jikoni kama ile mashine inafanya kazi vizuri, nilisema inafanya kazi vizuri sana. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumdanganya mama kwa ajili ya mtu mwingine.

Hali hiyo ilikaa karibu wiki mbili. Kisha siku moja baba alirudi kutoka kazini mchana, mikono bado ina grisi, akavuta kigoda akaketi nyuma ya Odongo. "Hebu nione unavyocheza."

Odongo alicheza. Baba hakuwa anajua lolote kuhusu kompyuta, lakini aliinamisha kichwa kando, kama alivyofanya kwenye mashine zake, akasikiliza. Wachezaji wakavuka tope lao. Kipa akachelewa.

Odongo aliondoa mikono kwenye vitufe. "Baba," alisema, "nilikosea. Apiyo alikuwa sawa. Turudi Migori."

Nilikuwa nimeingoja sentensi hiyo siku zote hizo, na ilipokuja nilitamani irudi ilikotoka.

Baba aliinuka. "Kukosea si ugonjwa," alisema. "Vaa viatu."

Mnajua, tangu arudi hospitalini Odongo alikuwa hajavaa viatu. Ndala ya mguu mmoja ilimtosha, kwa sababu, ukiacha ile Jumapili ya Migori, hakuwa na mahali pa kwenda. Siku hiyo aliinama akavaa raba zake za shule zote mbili, ya kulia kwa shida, na akakataa nimfungie kamba. Alienda mpaka stendi kwa gongo moja. Baba alibeba kompyuta, lile gongo jingine nililibeba mimi, na hatukulizungumzia.

Anti Robi alipotuona hakushangaa. Alifungua droo yake akatoa kitu kilichokunjwa kwenye karatasi, na juu ya karatasi pameandikwa kwa kalamu nyekundu: Baba Mapacha, asiuziwe mtu. Ndani ilikuwemo ile prosesa ya bei nafuu. Chini yake palikuwa na kadi ya picha. Mimi niliyasoma yale maandishi, na nikaona Odongo pia ameyasoma, midomo yake ikitembea. Anti Robi akafungua kompyuta, akaitoa ile kali, akaweka nyingine, akachomeka kadi, akafunga. Ile kali akairudisha kwenye kabati lake bila kutudai pesa zaidi.

Tukiwa njiani kurudi, gari limesimama kushusha mizigo, Odongo alimuuliza baba, "Kumbe ulijua?"

"Habari za mashine nilielezwa na Anti Robi siku ile ile," baba alijibu. "Nilitaka kujua kama utasema mwenyewe. Ulikuwa husemi kitu, Odongo. Tulikuwa tumekupoteza na unakaa pale barazani."

Odongo alitazama nje. Baadaye niliona ameweka mkono juu ya goti la baba, juu ya suruali ya kazini na grisi yake yote, na baba ameuacha hapo.

Jioni hiyo wachezaji walikimbia. Walikimbia kweli, winga akashuka pembeni kama yule niliyemjua, na mama aliyekuwa amesema gemu ni mambo ya dunia alisimama mlangoni na mwiko mkononi akauliza kwa nini huyo wa jezi nyekundu hatoi pasi. Habari zilienea kabla ya wiki kwisha. Sebule ilijaa mpaka dirishani. Kulikuwa na zamu, na aliyefungwa alimpisha mwenzake, na Odongo alikuwa refa wa zamu, anaamua kwa gongo lake nani aingie. Alianza kupiga kelele tena. Alianza kutania. Na mimi, niliyeyasoma maagizo yaliyokuja na kadi kutoka mwanzo hadi mwisho, ndimi niliyeitwa mashine ilipokwama.

Mguu wake ulipona, ila ulibaki mfupi kidogo, na winga hakucheza tena. Leo anafundisha hesabu Oyugis, anachechemea darasani, na wanafunzi wake wanamwogopa na kumpenda. Baba tulimzika miaka michache iliyopita. Watu wa mashine walikuja kutoka kila upande wa Nyatike, na kila mmoja alikuwa na injini ya kusimulia.

Mimi naishi Homa Bay mjini na binti yangu Awino ana miaka kumi na sita. Mwaka huu alijiundia kompyuta ya gemu. Nilipogundua kwamba anahitaji prosesa, nilijisogeza nikiwa na hekima yangu yote mkononi, tayari kumweleza nani anafikiri na nani anachora. Alinisikiliza kwa adabu, halafu akaniambia, "Mama, nilishachagua wiki jana. Nimelinganisha zote. Ya bei nafuu inatosha, iliyobaki nimeweka kwenye kadi." Alikuwa sahihi kabisa. Kifurushi kililetwa na pikipiki, akakiunganisha chote kwa asubuhi moja, peke yake, akiongozwa na video.

Sina la kumlaumu. Ana akili kuliko tuliyokuwa nayo sisi, na hakuhitaji wiki mbili za uongo ili apate kilichofaa. Lakini hakuna aliyesafiri naye kwenda kununua, na hakuna anayengoja zamu. Sebule yangu ina viti vinane na skrini safi ambayo sisi tungeiota tu, na anayekaa mbele yake ni mmoja, masikio yamefunikwa, akicheza na rafiki aliye Tarime ambaye sijawahi kumwona uso. Mara nyingine nampelekea bakuli la nyoyo. Namsikia anacheka, na moyo wangu unafurahi pamoja naye. Nasimama nyuma ya kiti chake kidogo, bakuli likiniunguza vidole, na sijui ni nani amefunga bao.