Tikiti ya Usiku wa Ijumaa

Bibi yangu mzaa mama aliijua stesheni ya reli ya Mombasa kuliko watu wengi waliosafiri kila mwezi, na gari la moshi hakuwahi kulipanda. Kwake stesheni ilikuwa mahali pa kuagia. Akishaaga alirudi zake mtaani kwetu Kibokoni, akavua buibui, na usiku ule hakula kitu.

Historia ya stesheni ile sikuisoma popote, nilisimuliwa na yeye. Ilianza nje ya stesheni yenyewe, na vijireli vyembamba vilivyokatiza mitaa utotoni mwake. Juu yake vilipita vigari vya viti, vyenye kipaa cha turubai, vikisukumwa na wanaume waliokimbia pekupeku. Mzungu alikaa, mtu akasukuma, na Bibi alipofika hapo kila mara alicheka mpaka akakohoa. Kisha wakaja waliopita stesheni: vijana waliokwenda vitani na mama zao wakabaki wameshika nguzo, walimu waliokwenda kusoma Uganda, na babu yangu na magunia yake ya papa mkavu, ambaye abiria wenzake walimfukuza kila behewa kwa harufu. Wazungu nao aliwaona wakija kwa kiburi, na akawaona wakishuka mara ya mwisho na mbwa zao kwenda kupanda meli.

Mimi nilishikwa na mshangao mahali pale tangu mdogo, na haujanitoka. Stesheni nyingine gari hupita. Kwetu reli inakwisha, na asiyeshuka hana pa kwenda. Nilizoea kuutazama mwisho ule wa chuma na kufikiri kwamba ni chuma hicho hicho kilichopita nyika yote, kikapanda milima na kushuka mpaka ziwani Kisumu, na kwamba lau ningekigusa ningekuwa nimegusa nchi nzima. Nilimwambia Bibi hivyo siku moja. Akanijibu nisiguse, kuna mafuta.

Basi katika miaka ile ya tisini, baada ya kungoja karibu umri mzima, Bibi akapata kwenda Hija. Ndege ya mahujaji ilikuwa iondoke Nairobi siku ya Ijumaa jioni. Yeye na mjomba wangu, mwanawe aliyekuwa mahramu wake, mwanamume wa kumsindikiza kisheria, walitakiwa wawe wamefika huko Ijumaa asubuhi. Kwa basi asingeweza. Nyonga yake ilikuwa mbovu na ilimpasa alale.

Tulikuwa na jirani, mtu wa bara na Mkristo, karani wa vifurushi pale stesheni, aliyepanga chumba nyumba ya pili na yetu. Bibi alimwita dirishani.

"Mwanangu, nikatie tikiti mbili za usiku wa Ijumaa. Daraja ya pili, nipate kulala."

"Nimesikia, Bibi."

Akazileta ndani ya bahasha. Mjomba akazitia mfukoni bila kuzisoma, kwa sababu jirani yule hakuwa mtu wa kukosea.

Alhamisi jioni nusu ya mtaa tukamsindikiza stesheni. Wanawake tulijaa jukwaani kwa mabuibui yetu, ubani ukinukia nguoni, kila mmoja akimshika Bibi mkono na kumtaka radhi. Mabehewa yalikuwa yamejipanga marefu, taa zimeshawashwa, na Bibi aliyatazama tangu mwanzo hadi mwisho. Akanishika bega kwa nguvu. Nikadhani ni nyonga, kumbe ni furaha.

Mjomba alikwenda kwenye ubao wa majina ya abiria, akarudi, majina yao hayamo. Mkaguzi akazichukua zile tikiti akazisoma.

"Hizi ni za kesho. Ijumaa usiku."

"Usiku wa Ijumaa," akasema Bibi. "Ndio uno."

Wakati ule ule adhana ya Magharibi ikasikika kutoka mjini, kana kwamba imeitwa kutoa ushahidi. Sisi siku yetu huanza jua likitua. Usiku hutangulia mchana wake, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule unaoifuata Alhamisi. Kwetu hata mtoto wa chuoni, anayeanza tu Kurani, halikosei hilo. Lakini bara usiku wa Ijumaa ni Ijumaa usiku, na mwenye tikiti ya kesho angefika Nairobi Jumamosi, ndege imekwenda.

Jirani akaitwa kutoka chumba cha vifurushi. Alipoelewa, uso ulimwiva.

"Bibi, nilidhani ni kitu kimoja."

"Sote twasema Kiswahili, mwanangu," akasema Bibi, "na sote tumesema kweli."

Sauti yake ilikuwa shwari. Mimi nililia, sikuona aibu. Shule zilikuwa zimefungwa na gari lilikuwa limejaa, hata daraja ya tatu watu walikaa juu ya mabegi. Mjomba alisema yeye hata mlangoni atasimama mpaka Nairobi, lakini Bibi hakuwa na pa kulala. Yule jirani hakujitetea. Akapanda behewani, akaanza kubisha hodi chumba baada ya chumba, na sisi tukamfuata kwa chini, dirisha kwa dirisha. Wengine walimsikiliza wakatikisa vichwa, wengine hawakufungua.

Mlangoni mwa chumba kimoja cha wanawake alikaa kidogo. Tulimsikia akisema kwa lugha ya kwao, na sauti ya kike ikimjibu kwa lugha hiyo hiyo. Kisha akashuka mwanamke wa makamo, amevaa gauni la ofisini, mkononi ana sanduku. Alikuwa mpiga taipu bandarini.

"Mama alale pale kwangu," akatuambia. "Nipeni hiyo ya kesho. Mimi naenda nyumbani tu, na nyumbani hakuhami."

Mama yangu hapo hapo akamnyang'anya sanduku. "Basi usiku huu u mgeni wetu," akasema, kwa namna isiyokubali jibu.

Tukampandisha Bibi. Mjomba akajibana ujiani. Bibi alipokwisha kukaa alitoa kichwa dirishani akamwita yule mwanamke.

"Masalkheri, mwanangu. Nikakuombee nini?"

"Mwombee mamangu."

"Yu hai?"

Yule mwanamke akatazama chini. "Yu hai. Amelala, hajiwezi. Ndiye nilikuwa nikimwahi."

Bibi, ambaye safari hii aliililia maisha yake yote, alishika ukingo wa dirisha akajiinua na nyonga yake ile. "Nishusheni," akasema. Mjomba alisikia. Akaja mlangoni, na alikuwa keshalichukua begi. Hakuna aliyekuwa akifanya mzaha.

"Kaa, Mama," akasema yule mwanamke. Alisogea akaushika mkono wa Bibi pale dirishani. "Mimi nikifika leo nitamshika mkono tu. Wewe unakwenda mahali pa kuomba. Kaa."

Bibi akakaa polepole. Gadi alikuwa ameshapuliza firimbi.

"Aitwa nani mamako?" akauliza. "Dua husomwa kwa jina."

Akamtajia. Lilikuwa jina la bara, refu, na ulimi wa Kibokoni ukajikwaa. Bibi alilisema, akakosolewa. Akalisema tena, akakosolewa. Honi ikalia, mabehewa yakashtuka, gari likaanza kwenda, na yule mwanamke akaenda nalo kwa miguu pembeni ya dirisha, akilitamka silabi kwa silabi, Bibi akimfuata kama mtoto wa chuoni, mpaka mwendo ukamshinda akasimama.

Kutoka mbali kidogo tukamsikia Bibi akilitaja kwa sauti ya juu, lote, sawasawa. Yule mwanamke akaziba mdomo kwa mikono miwili, na mama yangu akamkumbatia.