Mkono wa Mayu Holo

Siku yangu ya kwanza kazini Bariadi, Mganga Mkuu wa Wilaya alinitazama tangu viatuni hadi kichwani. "Wewe ndiye bingwa wa ubongo?" Nikaitikia. "Basi ubongo uweke kabatini. Hapa tuna malaria. Anza wodi ya watoto." Nikaanza wodi ya watoto, nikimshukuru Mungu.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Maduka binafsi ya dawa yalifunguliwa mjini, ila dawa ya kifafa hayakuagiza, kwa kuwa wagonjwa walifichwa majumbani. Kifafa ni umeme wa ubongo kuvurugika kwa muda: mwili hukakamaa, hutikisika, mate hutoka povu. Watu waliamini povu hilo huambukiza. Mgonjwa akiangukia motoni, ndugu walisimama mbali wakilia. Hawakuwa wakatili, waliogopa.

Asubuhi moja nilikwenda Nkololo kufundisha wauguzi wa zahanati, na wanakijiji wakaja kusikiliza. Mbele aliketi Minza, mama wa watoto wadogo, mkono mmoja umejaa makovu ya moto. Mama mkwe wake, Mayu Holo, yaani Mama Holo kwa Kisukuma, alikaa mbali naye.

"Huyu anakula kwa bakuli lake," aliniambia. "Tukishavuna pamba anarudi kwao. Watoto wanabaki."

"Dawa ikimsaidia je, mayu?"

"Tutaona. Mkeo anajua unashika mate ya watu?"

Watu wakacheka, hata Minza.

Nikafundisha: mlaze ubavu, weka kitu laini chini ya kichwa, usimtie kijiko mdomoni, usimwache. Sijamaliza, Minza akaanguka. Mabenchi yakapinduka, watu wakarudi nyuma, wauguzi nao. Nikapiga magoti, nikamgeuza, nikamfuta povu kwa kiganja.

"Naomba mtu amshike kichwa," nikasema.

Kisha Mayu Holo akainuka. Alivua kitenge begani, akakikunja chini ya kichwa cha mkwewe, akamfuta mdomo kwa mkono mtupu.

"Nikifa," aliwaambia wenzake, "nizikeni karibu na zizi."

Safari hii hakuna aliyecheka. Minza alipofumbua macho, alimwona aliyemshika, akataka kujitoa.

"Lala, ng'wanawane, mwanangu," alisema mama mkwe.

Kijiji kizima kilimngoja Mayu Holo aanguke. Pamba ikavunwa, alikuwa shambani na Minza, wakila bakuli moja. Nikawa nakwenda naye kufundisha vijiji vingine, Sapiwi hadi Kimali. Mimi nilieleza ubongo kwa kirefu, yeye alisimama akasema, "Nilimshika. Nipo." Baada ya hapo wagonjwa walitolewa ndani, na wakubwa wangu, walipoona foleni, wakaagiza dawa.

Nimefundisha madaktari wengi hadi nilipostaafu. Kuhusu ubongo bado najua kidogo, na nilichokiona Nkololo sijaweza kukieleza darasani. Namshukuru Mungu kwamba nilikuwapo.

Mayu Holo alifariki kwa uzee. Minza ndiye aliyemwosha, kwa mkono wake wenye makovu. Tukamzika karibu na zizi.