Do Inayoshuka

Kwetu Njombe, siku ya sikukuu ya mavuno huingii kanisani mikono mitupu. Unabeba kitu ulichokitolea jasho: debe la mahindi, kuku, kabichi kubwa kama kichwa cha mjomba. Unaweka mbele, unarudi kukaa. Mimi ni fundi redio Makambako, sina hata tuta moja, kwa hiyo kila mwaka mama alikuwa anajaza kiroba kidogo cha viazi pembeni ya cha kwake, ananikabidhi mlangoni kama mtoto anayepewa sarafu ya sadaka. Na mimi nina ndevu. Chache, lakini zipo.

Mwaka huu nikampigia simu, nikamwambia asinijazie. Nakuja na changu.

"Kipi?"

"Kinanda. Nimekitengeneza mwenyewe."

Nikasikia anaweka sufuria chini. Halafu akasema sawa, hajazi. Hakuuliza kingine. Tangu siku hiyo sikukaa kwenye kiti dakika tano mfululizo.

Kinanda chenyewe ukikiona utadhani mabodi ya redio yamepata ajali. Ni visanduku vitatu vya mbao, kila kimoja na kazi yake, vimeunganishwa kwa waya za rangi zote, na mbele kuna vitufe nilivyong'oa kwenye kinanda cha watoto kilichokufa. Nilijifunza kwenye simu, kwa jamaa mmoja Mzungu anayeongea kama anakimbizwa. Kiingereza changu kiliishia darasa la saba, kwa hiyo nilikuwa naangalia mikono yake, mdomo namwachia mwenyewe. Kile kisanduku kinachozaa mlio anakiita osileta. Vile viwili vingine vinaupamba tu mlio. Osileta ikiugua, vyote vinaugua.

Mwalimu wa kwaya alikisikia alipoleta spika ya kanisa kutengenezwa. Akakizunguka, akakibonyeza, akakubali nipige wimbo mmoja na kwaya siku ya mavuno. Sharti lake lilikuwa dogo: nije mazoezini Jumamosi mbili, na do, ile ya do-re-mi, iwe do.

Jumamosi ya kwanza nikafika Njombe nimekipakata njia nzima kama mgonjwa wa kupelekwa hospitali ya Ikonda. Asubuhi ile kule Makambako nilikuwa nimekipima kwa programu ya simu, kila sauti imekaa mahali pake. Kanisani nikabonyeza do. Ikatoka iko chini. Nikaipandisha kwa kitufe cha pembeni cha kurekebishia. Mstari wa pili ikashuka tena, na waimbaji wa sauti ya nne wakashuka nayo, maana wale wanafuata chochote. Mwalimu akanyoosha mkono, kwaya ikanyamaza.

"Kijana, hii do ina mafua."

Kwaya nzima ikacheka. Na mimi nikacheka, tena kuwazidi, maana mtu wa utani ukichekwa lazima uwe wa kwanza kwenye foleni. Lakini masikio yalikuwa yanawaka.

Nikarudi Makambako, nikawasha. Do safi kabisa. Nikakitukana kidogo.

Nikasema ni barabara, imelegeza viungio. Nikachomelea upya kila kiungio. Halafu nikasema ni umeme wa kanisani mdogo, nikaweka betri. Nikabadilisha kapasita mbili ambazo hazikuwa na kosa lolote, nazionea huruma mpaka leo. Redio za watu zikapanga mstari mezani zinanisubiri. Mzee mmoja alikuja mara tatu kuulizia yake, mara ya tatu akaniambia labda angenipa kuku nimtengenezee, ningefanya haraka.

Jumamosi ya pili, Njombe, ikashuka tena. Safari hii mwalimu hakutania. Alinivuta pembeni, akaniambia kwa upole kwamba Jumapili ya wiki ijayo, siku ya mavuno, kabla ya ibada, atapima do kwa simu yake. Ikiwa sawa nitapiga. Isipokuwa sawa, kwaya itaimba bila mimi, na nisikasirike. Upole wake ndio ulionimaliza. Nilitamani anigombeze.

Nje nikamkuta mama ananisubiri na kanga mbili mabegani. Akaniuliza kama ajaze kiroba tu, viazi vipo. Nikamwambia asijaze. Nilisema kwa sauti ya juu kuliko nilivyotaka, nikaomba radhi, akasema haya.

Sasa, Makambako nina jirani, mama chapati, anapikia barazani kwangu. Akimaliza saa tatu asubuhi ananiachia jiko lake lenye makaa yaliyobaki, nalisukuma chini ya meza, miguu inapata uhai. Upepo wa Makambako mnaujua. Mimi namchajia simu. Ndiyo mkataba wetu.

Alhamisi alikuwa na oda ya msiba, akaja kuchukua jiko lake mapema. Mimi nilikuwa nimebonyeza do, nimeifunga kwa mpira ilie yenyewe, naisikiliza kama daktari. Akavuta jiko, akaondoka. Baada ya muda kidogo do ikaanza kuteremka, polepole, kama mtu anashuka ngazi gizani.

Nikatoka mbio. "Mama, rudisha jiko."

"Nina chapati mia, wewe una miguu miwili. Vaa soksi."

"Si miguu. Ni do."

Akaniangalia kama anayepima nipelekwe hospitali ya Uwemba au ya Ilembula. Lakini akaja nalo, akaliweka chini ya meza, akasimama mikono kiunoni. Tukasubiri. Do ikapanda.

"Kumbe kinasikia baridi," akasema, akachukua jiko lake akaenda zake.

Nilikaa chini. Wiki mbili nzima nilikuwa nakipima kinanda juu ya makaa, halafu nakipeleka Njombe, mwezi wa saba, kwenye kanisa la mawe ambalo hata mchungaji anahubiri na koti. Nikafungua osileta, nikaanza kugusa kifaa kimoja kimoja kwa kidole, kila kimoja nahesabu mpaka ishirini. Kapasita, kimya. Nyingine, kimya. Nikafika kwenye transista moja ndogo kama punje ya harage, nikaishika, na do ikapanda kwa joto la kidole changu. Nikaachia, ikashuka. Nikaishika tena, nikacheka peke yangu.

Kumpata mwizi na kumfunga ni kazi mbili. Ijumaa nikaivika transista kipande cha kofia ya sufu ya mtoto. Ikawa inashuka taratibu zaidi, lakini inashuka. Nikabadilisha na nyingine ya aina ileile, nayo mwoga vilevile. Jumamosi nikaenda kwa mama nyumbani na kinanda kwenye begi na mkosi wangu usoni.

Jumapili asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa baridi. Mama alikuwa jikoni, mimi nazunguka uani, naingia, natoka.

"Kamwene," akanisalimia. "Unatafuta nini?"

Nikamwambia yote. Kwamba kinataka joto, joto la kukaa, na kanisani siwezi kuingia na jiko.

Akafunua sufuria. Akatoa viazi vinne, vimechemka, vinafuka. Akavifunga kwenye mfuko wa nailoni, juu yake kitambaa, akavizungushia na kipande cha kanga.

"Kifurushi kikae karibu nacho?"

"Karibu, mama. Kinanda kisilowe tu."

"Hakilowi. Mimi nimebeba viazi hivi hivi mgongoni, vinanipa joto, kwenda shambani kabla hujazaliwa."

Tulivilaza ndani ya kisanduku cha osileta, nikafunika. Kanisani nikaacha kipate joto wakati matangazo yanasomwa, nikarekebisha, mwalimu akaleta simu yake. Akaitazama, akanitazama mimi, akaitazama tena. Akaenda kusimama mbele ya kwaya.

Nilipiga. Ubeti wa kwanza ulikaa. Wa pili ulikaa. Wa tatu viazi vilianza kupoa, nikasikia do inateleza kidogo, nikaingiza kidole gumba chini ya kifuniko, nikakibana kwenye transista, nikamalizia kwa mkono mmoja. Mwalimu aligeuza shingo mara moja tu.

Halafu nikabeba kinanda changu mpaka mbele, nikakiweka kati ya mahindi na kuku aliyefungwa miguu, nikarudi kukaa pale pale kwa mama. Alisogea kunipa nafasi.

Baada ya ibada, sadaka zilipobebwa nje, mama akafungua kisanduku mwenyewe, akatoa kile kifurushi. Akamenya kiazi kimoja kilichopoa, akanipa.

"Kula. Kimeshafanya kazi."

Nilikula nimesimama. Kichwani nilikuwa bado kwenye ubeti wa tatu, pale kidole kilipochelewa.