Miguu ya Mtu wa Theluji

Kitabu kilichotuongoza katika somo la kazi za mikono kiliandikwa na mtu ambaye hakuwahi kuiona Goma, na naamini hakuwahi kuwaona watoto pia. Kilikuwa cha zamani za Wabelgiji, jalada lilikuwa limeng'oka, na kiligawanya mwaka katika majira manne. Sisi tulikuwa na mawili tu, mvua na mvua kidogo. Kitabu kipya, cha nchi yetu iliyokuwa sasa ikiitwa Zaïre, tuliahidiwa kutoka Kinshasa. Tuliambiwa kiko njiani. Kilikuwa njiani tangu kabla sijaanza kazi.

Mkuu wa shule alivaa abacost, ile suti ya serikali isiyo na tai, iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa magotini, na alikuwa na jibu moja kwa kila swali. Nilipomweleza kwamba Septemba hapa kwetu majani hayageuki rangi wala hayaanguki, aliniambia, "Programme ni programme, citoyenne," yaani mwananchi, kwa sababu bwana na bibi vilikuwa vimepigwa marufuku.

Kwa hiyo Septemba niliwatuma watoto wa mwaka wa tatu wakaokote majani mekundu na ya dhahabu, tuyabandike kwenye karatasi. Watoto wa umri ule wanatii kupita kiasi. Walirudi na majani ya maharagwe, ya kabichi, ya mihogo, na mmoja akaburuta jani zima la mgomba likaziba mlango. Tulibandika tulichopata. Kabla ya mapumziko, mama mmoja wa mtaa wa Majengo aliingia darasani bila kubisha hodi, akapita kutoka dawati hadi dawati, akabandua sombe lake, kisamvu cha jioni ile, kazi moja baada ya nyingine.

"Madame, batoto bangu batakula nini? Dessin?"

Picha haziliki, kweli. Gundi yetu yenyewe ilikuwa unga wa muhogo uliopikwa na maji mengi, kwa hiyo kwa haki kabisa angeweza kuondoka na mboga na bugali yake pamoja.

Ningecheka zaidi mwaka ule kama nisingekuwa kwenye majaribio. Inspekta angekuja siku moja ya Desemba, angekaa nyuma ya darasa, kisha angeamua kama nathibitishwa hapa Goma au napelekwa Walikale, msituni, mahali ambapo, kwa maneno ya walimu wenzangu, mtu alifika na kusahauliwa. Nilikuwa naishi na mama yangu, na macho yake yalikuwa yameanza kumwacha. Sikuwa na mtu wa kumwachia, wala sikuweza kumwazia akivuka mito juu ya magogo. Kila jioni aliniuliza, "Inspecteur amesema nini?" Nilimjibu kila jioni kwamba inspekta hajafika. Hakuniamini hata jioni moja.

Ukurasa wa Desemba ulikuwa na mtu wa theluji. Nilifurahi kidogo, kwa sababu Noeli ilikuwa imefutwa na serikali ikawa siku ya kazi kama nyingine, nami nikadhani ukurasa ule umekwenda nayo. Nilimwuliza mkuu wa shule. Alifikiri sana, akikuna kidevu.

"Noeli ilifutwa," alisema. "Theluji haikufutwa."

Theluji yenyewe nilikuwa nimeiona katika kalenda ya mapadri tu. Lakini mwalimu hakubali kushindwa mbele ya watoto, basi nikajaza kifua. Ni kitu cheupe, niliwaambia. Kinaanguka kutoka juu, polepole, bila sauti. Kinafunika mabati, kinafunika barabara, kinafunika shamba, na asubuhi huoni tena njia.

Watoto wote waliinua macho kwenye mabati. Lile darasa halikuwahi kunifuata hivyo, hata wakati wa sala, zilipokuwa bado zinaruhusiwa. Halafu msichana mmoja wa dawati la dirishani, mtoto wa dereva wa malori ya Bunagana, kule mpakani, aliinua mkono. Ndiye aliyejua kuchora kuliko wote, na pia ndiye aliyekuwa na mdomo kuliko wote.

"Madame, tunaijua."

"Mnaijua wapi?"

"Njo ile ya mulima. Tuliikimbiaka."

Alikuwa anasema juu ya majivu ya volkano. Mlima wetu ulikuwa umepasuka miaka michache nyuma, na mji mzima ulitoka kwa miguu na magodoro kichwani, mimi nikiwa nimemshika mama mkono. Niliwaambia hapana, theluji ni ya baridi, inapendeza, watoto wa kule wanacheza ndani yake. Walinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa akisema amepona.

Nilichora ubaoni. Duara kubwa, juu yake dogo, juu yake dogo zaidi, kofia, pua ya karoti. Nilijipongeza. Maduara nilikuwa nayajua.

"Miguu yake iko wapi?" aliuliza yule msichana.

"Hana miguu."

"Na kama inaanza kuanguka, atakimbia na nini?"

"Hakimbii. Anasimama pale pale."

Minong'ono ilianza nyuma, ikaja mbele. Mtoto wa askari wa kambi ya Katindo alisema basi lazima watu wambebe. Mwingine akasema ni mzito, ataua mtu. Wa tatu akauliza kama hana familia. Jambo lilikuwa linageuka mkutano wa ukoo, nami hasira zangu ziko karibu siku zote, nikapiga meza kwa rula. "Choreni!" Wakachora. Nyeusi ilikuwa makaa, nyeupe ilikuwa chaki iliyotwangwa na kuchanganywa na gundi yetu ya bugali. Kengele ilipolia nilizitundika karatasi kwenye kamba zikiwa mbichi hivyo hivyo, bila kuziangalia, nikakimbilia soko kabla halijafungwa.

Asubuhi yake mkuu wa shule alinikuta mlangoni, jasho likimtoka. Inspekta alikuwa nyuma yake.

Alikuwa mtu mnene, wa miwani, msemaji wa maneno machache. Hakukaa. Aliweka mikono mgongoni akaanza kupita chini ya kamba, nami nikapita naye, na hapo ndipo nilipoziona zile picha kwa mara ya kwanza. Chaki ilikuwa inaanguka kila mahali. Chini yake watu walikuwa wanakimbia na vitanda, mbuzi, sufuria, cherehani. Na katika kila karatasi mtu wa theluji alikuwa na miguu. Mirefu, myembamba, ya kukimbilia. Mmoja alivaa sandali. Mmoja alikuwa amepanda chukudu, ule mkokoteni wetu wa mbao, kofia imepeperuka nyuma yake. Hakuna aliyeachwa. Mkuu wa shule alikuwa anakohoa bila kuugua.

Inspekta alisimama mbele ya karatasi ya msichana wa dirishani. Mtu mnene wa abacost na miwani alikuwa anakimbia, na mgongoni amebeba godoro lililokunjwa.

"Huyu ni nani?"

Msichana alisimama vizuri, mikono ubavuni, kama tulivyowafundisha. "Ni weye, Citoyen Inspecteur. Ulipitaka mbele ya mulango yetu. Ulibebaka matela. Mama alisemaka, muangalie mukubwa, batu banabeba batoto, yeye anabeba matela."

Mkuu wa shule alifumba macho. Mimi niliiona Walikale yote, na miti yake.

Inspekta alivua miwani, akaifuta kwa leso, akachelewa kuivaa.

"Mutoto wangu," alisema, "ile haikukuwa matela. Ilikuwa mama yangu. Miguu yake haikukuwa inatembea tena. Nilimufunga mu blanketi."

Nilitaka kuomba msamaha kwa niaba ya mtoto, ya mama yake, ya Majengo yote. Niliona aibu, na zaidi ya aibu nilimhurumia sana. Msichana hakuona aibu yoyote. Aliitazama picha, akamtazama inspekta, akatoa kipande cha kaa mfukoni, akapanda juu ya benchi. Mwisho wa lile godoro alichora miguu miwili midogo ikining'inia. Upande wa pili akachora kichwa, na kitambaa kichwani.

"Sasa njo yeye?"

Inspekta aliinama akaangalia kwa karibu. "Kitambaa yake ilikuwa na maua."

Akachora maua.

Inspekta aliigeukia meza yangu, akakifungua kile kitabu, akakitazama kile kiumbe cha maduara matatu. Mkuu wa shule aliona ni wakati wake. "Kweli, Citoyen Inspecteur, kitabu kinasema hana miguu, na programme ni..."

"Hapa Goma ana miguu," alisema inspekta, akakifunga.

Alitia sahihi fomu yangu ya kuthibitishwa, kisha akaomba ile karatasi. Alitoka nayo kwa kuikumbatia kifuani ili upepo usiichukue, na chaki, ambayo haikuwa imekauka, ilijaa mbele ya abacost yake. Hakujipangusa mpaka alipopanda gari.

Jioni mama aliniuliza kama kawaida inspekta amesema nini.

"Tunabaki," nilimwambia, na nikaanza kulia, naye akadhani nimefukuzwa, akaanza kuwalaani wakubwa wote mmoja mmoja. Ilinichukua muda kumtuliza. Kisha nilichuchumaa mbele ya kitanda chake, nikamwambia apande mgongoni.

"Unanipeleka wapi?"

"Popote. Panda nione."

Alinipiga kwa kanga yake, akasema shule imeniharibu kichwa, akapanda. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Tulifika mpaka mlangoni.