Neno la Bibi la Ukoko

Harufu ya wali unaoshika chini ya sufuria hunirudisha Mabela, mtaa nilikokulia, hata nikiwa kazini Khuwair ya Kusini, hapa hapa Maskati, nyuma ya meza ya duka la vitambaa, namkatia mteja mita tatu za hariri ya bandia. Jirani yetu wa duka hupikia nyuma, na kila akisahau kupunguza moto, mimi mkasi hunisimama mkononi. Naiona nyumba yetu ya wakati ule, mpya, mtaa wote bado mchanga mtupu, na Bibi Asha, mama wa baba yangu, ameinamia sufuria na kijiko cha chuma anakwangua. Ukoko alikuwa na jina lake la kuuitia, la kwao, si hili tunalolitumia sisi. Alilitamka kwa kulivuta mwishoni kama anayemwita paka, kisha ananyunyiza sukari, ananipa kiganjani ungali moto. Wapo watu wanaokumbuka utoto wao kwa picha. Mimi naukumbuka kwa meno.

Bibi alizaliwa Bujumbura, katika mtaa wa Buyenzi, na alikuja Oman mtu mzima na Kiswahili chake kamili kama mtu ajaye na sanduku lake. Kisamvu yeye alikiita sombe. Mchicha ulikuwa lengalenga, dagaa walikuwa ndagala. Nyuma ya tangi la maji alipanda mihogo mitatu kwa ajili ya majani tu, akiipa maji ya kuoshea mchele. Sokoni Mawaleh kulikuwa na Mbengali mmoja muuza mboga ambaye Bibi alimfundisha maneno yake hadi mtu yule akimwona tu kwa mbali anapaza sauti, "Lengalenga, mama, lengalenga," na watu wanageuka. Majirani zetu lakini walikuwa wa Unguja, na watu wa Unguja, Mungu awabariki, wanaamini Kiswahili kilizaliwa kwao na wengine wote tumekiazima. Kila ndege huruka kwa ubawa wake, wanasema. Ila mtoto wa miaka kumi haoni ubawa, anaona nani anachekwa.

Mwaka huo nilipokuwa na miaka kumi, babu, mume wake, alifariki, na Bibi akakaa eda. Miezi minne na siku kumi hatoki nje; dunia yake ikawa chumba kimoja, mkeka, na wanawake waliokuja kila alasiri kumtuliza. Mimi ndiye niliyemimina kahawa, dele mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia, kama nilivyofunzwa. Mgeni aliyetosheka haombi wala hakatai kwa mdomo, hukitikisa kikombe chake kidogo, nawe unaelewa. Wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka alikuwa Bi Zuwena, jirani wa nyumba ya tatu, mnene, mchangamfu, na kila Bibi akifungua mdomo yeye alikuwa akijipigapiga mapaja kwa kicheko. "Hebu sema tena, Bi Asha, nna ubavu unaniuma kwa kucheka." Na Bibi akisema tena. Mimi pale na dele langu nilitamani sakafu inimeze.

Maana Bi Zuwena alikuwa na binti, Rahma, na dada yake Rahma alikuwa anaolewa. Wasichana sita wa mtaa wangemtangulia biharusi wamebeba vyetezo vya udi, wamevaa kijani. Mimi usiku nilikuwa nikiota ile kijani. Rahma akaniambia, tena kwa upole kama anayenionea huruma, kuwa nafasi ya sita haijapata mtu, lakini haiwezi kuwa ya mtu wa bara. Akasema bibi yangu anaongea kama wapishi.

Basi nikaanza darasa. Asubuhi, wakati baba na mama wako kazini, nilimkalisha Bibi mkekani kama mwalimu wa chuo. Sema kisamvu. Sema ukoko. Akakosea, nikampiga kidogo kwenye goti kwa kijiti cha udi, na yeye akacheka, akarudia. Lakini neno la kwao lilikuwa linamtoka kwanza kila mara, na harusi ilikuwa inakaribia, nikachoka. Ndipo nikabuni dawa.

"Bibi, usipolijua neno lao, usiseme kitu. Tikisa finjani tu."

Akanitazama. "Hata kama sijanywa?"

"Hata kama hujanywa."

"Haya, mama yangu," akasema. Alikuwa akiniita mama yangu, kwa kuwa nimepewa jina la mama yake.

Alasiri ile Bi Zuwena akamchokoza kama kawaida, amepika nini leo. Bibi akakitikisa kikombe. Wanawake wakadhani ametosheka na kahawa, wakaendelea na mazungumzo yao. Nilifurahi, wallahi, nilifurahi kama mtu aliyeziba tundu la paa. Siku ya pili akatikisa, na ya tatu. Baada ya wiki mbili alikuwa akiwatikisia wageni karibu kila swali, na vicheko vikaisha, na wale wanawake wengine wakaanza kupunguza kuja. Walisema maskini majonzi yamemzidi. Hata tukibaki wawili maneno yake yalikuwa yamepungua, kama anayeyapima kwanza. Ukoko alinipa bila jina.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, walisema wa kale. Walisema pia maneno makali hayavunji mfupa, na hapo nadhani hawakuuona mguu wa Bibi. Alikuwa na ugonjwa wa sukari. Kidonda kilianza chini ya kisigino, na kwa kuwa alikuwa anakaa tu, amejifunika, hakuna aliyekiona. Bi Zuwena ndiye aliyehisi kitu. Alimwona anatoka msalani kwa kuburura mguu, akamuuliza una nini, Bi Asha, umeumia? Bibi alikuwa amekaa tayari, finjani i tupu mkononi. Akaitikisa. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake na dele langu, nami nikafanya alichofanya kila mtu, nikadhani ni kahawa.

Nafasi ya sita nilipewa mimi. Nilivaa kijani, nikabeba chetezo, na nilirudi nyumbani nikinukia udi hadi kwenye nywele. Mlangoni pa chumba cha Bibi ndipo nilipoisikia harufu nyingine. Ubani wa eda ulikuwa ukiificha siku zote, usiku ule haukuwashwa kwa kuwa mwashaji nilikuwa mimi. Baba alifunua shuka. Asubuhi hospitali wakaukata mguu chini ya goti, na siku ya nane Bibi akafariki, eda yake haijaisha. Siku moja kabla nilikaa pembeni ya kitanda nikambembeleza aseme, aseme vyovyote, aseme sombe, aseme lengalenga. Macho alikuwa nayo wazi. Akanyanyua mkono wa kulia, vidole vimeshika kitu kisichokuwepo, akautikisa kidogo.

Leo Maskati imejaa Kiswahili cha kila namna. Dukani kwangu wanaingia dada wa Mombasa, wa Tanga, wa Kampala, kila mmoja na maneno yake, na hakuna anayemcheka mwenzake. Tunaulizana bei tu. Mimi sikusoma sana, lakini nina ndoto ya kufungua mgahawa mdogo, na kwenye ubao wa vyakula nitaandika majina yote ya kila chakula, la Unguja, la bara, la Buyenzi. Mwezi uliopita Bi Zuwena alikuja kununua kitambaa. Amekonda, anatembelea mkongojo. Akanishika mkono.

"Alikuwa akiuitaje ukoko, yule bibi yako? Nna hamu na neno lile, mwanangu. Mie sikuwa nikimcheka. Nikija kila alasiri kwa ajili yake."

Nililitafuta. Nilimkatia kitambaa nikilitafuta, nikakikunja, nikakitia mfukoni. Nikamwambia sikumbuki. Na siku hizi nikipika wali nauacha ushike makusudi, nakwangua, nanyunyiza sukari, nasimama jikoni mdomo wazi. Sombe linakuja. Ndagala linakuja. Lile moja haliji, na kiganja kinaniungua.