Kumwogesha Mama

Magazeti ya Louisville yaliniita wa kwanza mpaka nikalichukia neno lenyewe. Mwanamke wa kwanza wa aina yangu kukaa katika baraza la jiji, mkimbizi wa kwanza aliyekulia kambini, wa kwanza hiki, wa kwanza kile. Hakuna aliyeniuliza kama kuna raha yoyote ndani yake. Siku ya kuapishwa nilivaa gauni la kitenge nililoshonewa na fundi mmoja wa Iroquois, mtaa wetu wa kusini mwa jiji. Nikainua mkono, watu wakasimama wakapiga makofi, na mimi macho yangu yakawa yanatafuta kwenye viti sura moja tu, ambayo nilijua haipo. Mama yangu alikuwa Kenmore, juu huko karibu na Buffalo, mwendo wa siku nzima kwa gari, na alikuwa ameshasema haji.

Jioni nilimpigia simu.

"Nimekuona," akasema. Jirani alimwonyesha kwenye simu yake.

"Umeonaje, mama?"

"Umenenepa, baba."

Kwetu mama humwita mtoto wake wa kiume baba, na wa kike humwita mama. Ni mapenzi tu, hakuna anayefikiria. Tangu nianze kuvaa magauni yangu hadharani, nikabadilisha jina, vitambulisho na kila kitu kinachobadilishika, yeye aliendelea kuniita baba, bila hasira, kwa upole uleule aliokuwa akiniamshia kwenda shule. Ningefurahi angenitukana. Matusi nayajua, nina majibu yake.

Na siasa yenyewe nimejifunza kwake. Kambini Tanzania, tulikokimbilia kutoka Burundi, yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa wanawake wa mtaa wetu. Ugomvi wa bombani, mgawo uliopungua, mume aliyeuza unga wa watoto: yote yalikuja mlangoni petu. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Alimwacha mtu aseme mpaka aishiwe, kisha akamwuliza swali moja, na yule mtu akaanza kujijibu mwenyewe. Mimi na dada yangu tulikuwa tunakaa nyuma yake tukichambua maharage na kusikiliza. Dada yangu alifia hukohuko, malaria ya kichwani, tukabaki mimi na mdogo wetu wa kiume. Tangu siku hiyo mama alikuwa akiwaambia watu kwamba Mungu amemnyima binti. Alikuwa akisema hivyo nami nimekaa palepale, mikono yangu ndani ya ungo.

Marekani tulishukia Buffalo. Mdogo wangu alipata kazi ya ghala Columbus, nikamfuata, nikaishi kwake na mkewe huko Hilliard na kuajiriwa katika nyumba ya wazee. Mama alibaki Kenmore kwa sababu ya kanisa lake. Katika ile nyumba ya wazee nilijifunza kuogesha watu. Kuna bibi mmoja wa Kizungu, hajui jina lake wala mwaka gani, aliyekuwa akinishika kidole kila asubuhi na kuniita binti yake. Nilikuwa namwogesha, namvisha, namchana nywele, halafu naingia kwenye stoo ya mataulo kulia. Wenzangu walidhani nina msiba.

Mdogo wangu alipoiona nguo ya kike ya kwanza kwenye begi langu hakupiga kelele. Alisema tu kwamba ana watoto wadogo nyumbani. Nikaelewa, nikafungasha. Louisville niliichagua kwa sababu hapakuwa na mtu wa kanisani kwetu aliyenijua.

Huko nilikuta wanawake wa Kikongo wanaofanya kazi za usiku kwenye maghala. Basi la mwisho lilikuwa linaondoka kabla zamu yao haijaisha, wakawa wanarudi nyumbani kwa miguu kando ya barabara kuu. Nikaanza kwenda kwenye vikao vya baraza kuwasemea, kwa sababu Kiingereza changu kilikuwa kinatembea vizuri kidogo kuliko chao. Nilisema mara nyingi, nikachosha watu, mpaka mmoja wa wale waheshimiwa akanijibu kwa kejeli kwamba nikitaka kuamua mambo nigombee. Nina hasira za karibu. Niligombea.

Nilipita nyumba kwa nyumba, picha zangu zikiwa zimebandikwa mtaa mzima. Mama mmoja alinifungulia mlango, akaniangalia kuanzia viatu, gauni, mpaka hereni.

"Donc, weye njo ule wa ku ma-affiche?"

"Ndiyo, mama. Ni mimi."

"Bon. Tutakuvotea. Hii bus inatusumbuaka sana. Mais ku kanisa usikuye na hii robe."

Nilicheka mpaka kwenye ngazi. Ilikuwa haki kabisa: alinipa alichoweza kunipa, na alichoshindwa alinitajia. Nikashinda. Nilipompa mama habari, kiongozi wa wanawake akaamka ndani yake.

"Walikupigia kura wakijua ulivyo?"

"Wakijua."

"Wageni wanakubali upesi," akasema. "Hawakukuzaa."

Mwaka wangu wa pili katika baraza alipata kiharusi. Mguu wa kushoto na mkono wa kushoto vikalegea, ingawa mkono ulirudi kiasi. Tulimwomba ahamie kwangu au kwa mdogo wangu, akakataa. Kanisa lake liko hapo, wanawake wenzake wako hapo, hang'oki. Akapewa mama mmoja wa Kikongo wa kuja kumhudumia kila siku. Kila nilipopata nafasi nilipanda gari nikaenda kumwona. Saa ya kuoga ikifika, waliingia wawili bafuni, mlango ukafungwa, na mimi, niliyekuwa nimeogesha nusu ya vikongwe vya Columbus, nikawa nimekaa sebuleni naangalia televisheni iliyozimwa.

Nilikuwa nataka kitu kimoja. Kwetu mama akizeeka huogeshwa na binti zake. Mtoto wa kiume haoni uchi wa mama yake, ni mwiko, hata kama mama anakufa. Kwa hiyo siku atakayosema njoo uniogeshe, nitakuwa nimejua kwamba amenikubali. Sikuhitaji aseme lingine. Baraza, magazeti, makofi, vyote ningevitoa ili ule mlango ufunguliwe.

Theluji ya Buffalo wanaoijua wanaijua. Ilianguka usiku kucha nikiwa kwake, na asubuhi gari langu lilikuwa kilima. Yule mama wa Kikongo akapiga simu.

"Mama, njia yote imefungwa. Siwezi kuya. Pole sana, kweli."

Mama alikuwa kwenye kiti chake, na tumbo lilikuwa linamwendesha tangu alfajiri. Harufu ilikuwa imeshajaa chumba. Alijifunga kitenge juu ya kila kitu, akaangalia ukuta.

"Mama, nikusaidie."

"Subiri. Njia zitafunguliwa."

"Hazifunguliwi leo. Utachubuka ngozi, mama, nimeona watu wakipata vidonda."

"Nitakaa."

Alikaa. Nilipika uji, hakunywa. Wanawake wa kanisani walipiga simu mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akiomba na kila mmoja amefungiwa kwake. Ilipofika mchana nilimwona anatetemeka, nikapiga magoti mbele ya kiti. Nilimsihi kama nisivyowahi kumsihi mtu yeyote, na mimi ni mtu wa kusihi watu kwa kazi.

"Utalaaniwa, baba," akasema. "Mtoto wa kiume haoni uchi wa mama yake."

"Mimi si mtoto wa kiume."

Maneno hayo hatukuwahi kuyaweka wazi kati yetu, mimi na yeye, kwa miaka yote hiyo.

"Najua unavyosema. Watu wote wanajua, hata redio inajua." Alikuwa amechoka sana. "Lakini tumbo ni langu. Nilipokuzaa niliona."

Nililia hapohapo, kwa sauti. Aliniacha nilie mpaka nikaishiwa, kama alivyokuwa akiwafanyia watu wa bombani. Nilidhani swali linakuja. Badala yake akapeleka kichwani mkono wake wa kulia, ule mzima, akavuta kitambaa chake cha kichwa, nywele zake zikatoka, nyeupe zote.

"Sogea. Inama."

Nikainama. Nilifikiri anataka kunibariki, au kunizaba kofi. Akanifunga macho. Mkono wa kushoto ulikuwa unamsumbua lakini alihangaika nao mpaka fundo likakaza nyuma ya kichwa changu, akapitisha kidole kuona kama kuna uwazi.

"Sasa niogeshe," akasema. "Usifungue."

Nilimbeba mpaka bafuni nikiutafuta mlango kwa bega. Nikamsafisha, nikabadilisha maji, nikaanza upya kwa uso, shingo, mikono, kama tulivyofundishwa. Yeye alikuwa ananielekeza: hapo, chini kidogo, huko usisugue panauma. Mgongo wake ulikuwa mdogo. Nilikuwa nimebebwa kwenye mgongo ule kutoka Burundi mpaka Tanzania, na sasa ulienea katika kiganja kimoja na nusu. Nilikuwa na furaha ya kumshika na nilikuwa na uchungu wa kutaka kupiga ukuta kichwa, vyote pamoja. Mama aliamini laana ile ni ya kweli, akaogopa isinipate. Alikuwa ananilinda. Na katika kunilinda aliniambia kwa mikono yake yote miwili kwamba mimi ni mwanawe wa kiume.

Njia zilipofunguliwa, yule mama wa Kikongo alirudi. Mama akamwambia asante, asije tena, mtoto wake yupo. Mimi nilikuwa jikoni nikasikia.

Ningefanyaje? Nilibaki. Nilimpigia mdogo wangu kumweleza, akasema nimekwenda kumdhalilisha mama uzeeni, bora ningemwacha na heshima yake. Nikamwambia aje basi amwogeshe yeye. Akakata simu. Nyuma yake nilikuwa nimesikia mtoto akiuliza kwa Kiingereza kama ni anti wa kwenye televisheni.

Louisville walinivumilia mwanzoni. Vikao viwili vitatu nilihudhuria kwa kompyuta, mama akiita kutoka chumbani katikati ya hotuba. Halafu ukaja mjadala wa basi la usiku, lile basi lililonipeleka barazani, na ilitakiwa mtu awepo, ashike watu mashati kwenye korido. Nilikuwa Kenmore, macho yamefungwa, namsugua mama mgongo. Hoja ilianguka. Wapinzani wangu wakasema kiti changu kinakaliwa na hewa, na hawakusema uongo. Yule mama wa mlangoni aliniachia ujumbe wa sauti. "Bon, tulikuvotea," alisema. "Donc uko wapi?" Niliusikiliza mara nyingi na sikumjibu. Uchaguzi uliofuata sikuchukua hata fomu. Ndivyo alivyoishia wa kwanza.

Kila siku ilikuwa vilevile. Alinifunga, nikamwogesha, nikamvisha, akanifungua. Nilizoea kumjua kwa vidole: kovu la kuni, mbavu, mahali ambapo ziwa limelala. Kila siku nilipoinama nilijiambia labda leo. Labda leo ataona ni upuuzi, atakirusha kitambaa kule, atasema haya njoo. Nimeshawahi kubembeleza watu wagumu wakabadili kura zao. Sikuwahi kutamani kura kama ile.

Mpaka akawa hali tena chakula. Muuguzi aliyekuwa akija nyumbani aliniambia kwa upole nimwite mdogo wangu, nikamwita, akawa njiani. Asubuhi ile mama alifungua macho, akaashiria beseni. Alikuwa anataka kuwa msafi.

Nilimwekea kitambaa mapajani, nikapiga magoti kando ya kitanda, nikainamisha kichwa. Nikasikia vidole vyake vikigusa nywele zangu. Vikajaribu, vikaanguka. Vikajaribu tena. Ule mkono mzima nao ulikuwa umeisha nguvu.

Nikainua uso. Alikuwa ananiangalia. Aliniangalia sana, usoni, hereni, gauni, kila kitu, kuliko alivyowahi kuniangalia tangu niwe hivi. Tulikuwa wawili tu nyumbani. Hakukuwa na kitu cha kumzuia, wala cha kunizuia mimi. Nilisubiri aseme acha hicho kitambaa. Mungu anajua nilivyosubiri. Ningeweza pia kujifanya sielewi, nikachukua tu taulo na kuanza, na asingekuwa na nguvu ya kunikataza.

Akakisukuma kitambaa kwangu kwa kidole.

Nikakichukua. Nikakifunga mwenyewe, nikakikaza kama alivyokuwa akikikaza yeye, nikapitisha kidole kuona kama kuna uwazi. Kisha nikapapasa beseni lilipo, nikatia mkono ndani ya maji, nikaona yana joto la kumfaa.