Meseji Niliyotuma Paredi

Mimi ni mwoga, acha niseme tu. Nilikuwa mwalimu wa kujitolea kwenye shule moja ya kata hapa Babati, nafundisha Kiingereza kidato cha tatu huku nikisubiri ajira. Kila asubuhi niliomba Mungu mkuu wa shule asipate sababu ya kuniondoa.

Sababu nikaitengeneza mwenyewe. Wanafunzi walichoka kuandika insha peke yao, kila mtu kafunika daftari kwa kiwiko. Nikawagawa sita sita, kila kundi nikalifungulia grupu la simu. Jioni, kwa simu za wazazi, kila mmoja anaongeza aya kwenye hadithi ya wenzake na kumsahihisha aliyetangulia. Jamani, walivyochangamka! Waliokuwa mabubu darasani wakaanza kubishana kwa Kiingereza. Mkuu sikumwambia. Mwanafunzi akikamatwa na simu shuleni anafukuzwa, nami nilijidanganya kwamba za nyumbani hazihusiki.

Jumatatu moja kundi la tatu lilibakiza aya moja tu, ya binti anayetoka Sigino. Tukiwa paredi, nimesimama na walimu wenzangu, nikachomoa simu yangu nikaandika kwenye grupu lao kwamba tunamsubiri yeye, ili aikute jioni nyumbani. Nikatuma. Mlio ukatokea ndani ya sweta lake.

Kumbe mama yake alikuwa ameiacha simu dukani ichajiwe, akamwagiza binti aipitie asubuhi akija shule. Mwalimu wa nidhamu akamvuta nje ya mstari.

Saa nne mama akafika, udongo wa shamba bado miguuni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, "Marahaba mwanangu." Nami niliitwa ofisini kwa kuwa ndimi mwalimu wake wa darasa. Nikakaa pembeni ya meza.

Mkuu hakutaka habari za chaji.

"Nani anamtumia binti meseji saa moja na nusu asubuhi?" akauliza. "Fungua simu tumwone huyo mwanaume."

Simu ni ya mama, ila sehemu ya meseji binti alikuwa ameifunga kwa namba anazozijua yeye tu. Hakuifungua. Alinitazama mara moja, akainamisha kichwa. Mtoto wa watu alikuwa ananificha, nami nikaacha anifiche. Nilijiambia nitasema sasa hivi, halafu nikawaza nikirudi nyumbani bila kazi nitaanzia wapi.

Mama akanyanyuka akamzaba kofi. "Nalima nikusomeshe, wewe unaniletea wanaume? Ni nani?"

"Hakuna mwanaume, mama."

Akamzaba la pili. Binti hakulia, alishika shavu tu. Mkuu akavuta karatasi aanze kuandika barua ya kumfukuza.

"Ni mimi," nikasema. "Meseji ni yangu. Ni kazi ya Kiingereza niliyowapa mimi." Nikaweka simu yangu mezani, grupu likiwa wazi, wasome wenyewe.

Mkuu alisoma aya zote hadi ya mwisho. Akaikunja ile karatasi, akamwambia binti arudi darasani. Mimi akaniambia nibaki.

Lakini mama hakuondoka. Alisimama ananitazama, mkono aliompigia mwanawe ameushika kwa mkono mwingine.

"Mwalimu," akasema taratibu, "nimempiga mara mbili, na wewe umekaa hapo?"